Chuma Palipokuwa na Jina: Historia ya Marehemu Rafaeli Filipo Chilongola

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kidete, wageni wetu mliotoka Mikumi, Kilosa mjini na Morogoro, na ninyi watani wetu ambao tangu jana mmevaa kofia ya marehemu na kula mboga kabla ya wafiwa, familia inawasalimu nyote na inawashukuru kwa kufika. Aliyesimama mbele yenu ni Gaudiosa, dada yake wa kwanza, ambaye wazee wamemtuma kusoma kwa sababu, kama walivyosema wenyewe bila haya, ndiye mwenye mdomo wa kusikika mpaka kule relini. Kabla hatujaanza familia inaomba jambo moja, kwamba katika historia hii kuna mtu ambaye hatutamtaja jina, tutamwita rafiki wa marehemu basi, na sababu yake mtaisikia ikifika mahali pake, kwa hiyo wote mnaolijua jina hilo, na mnalijua wengi mno, tafadhali lifungieni mdomoni mpaka tumalize kuzika.

Marehemu Rafaeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Kidete, kwenye nyumba za reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Filipo Chilongola, aliyekuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli, na Mama Odilia, ambao wote wawili Mungu amewaacha wamzike mtoto wao. Siku hiyo mto Mkondoa ulikuwa umejaa na barabara haipitiki, baba akamfuata mkunga kwa kiberenge cha kazi, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa kabisa, na mkunga alisimulia miaka yote kwamba mtoto alitoka akipiga kelele kwa mapigo, kimya, kelele, kimya, kelele, sawasawa na magurudumu ya kiberenge kwenye maungio ya reli. Alibatizwa mwezi wa tano mwaka huo huo, na katika ubatizo pia alipiga kelele.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule ya msingi ya hapa kijijini akamaliza mwaka 1988, na walimu walimpa kazi ya kupiga kengele, ambayo kama mjuavyo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, kazi ambayo kila mtoto aliitamani na yeye aliiharibu ndani ya wiki moja, maana badala ya kugonga kama watu, alikichezesha kile chuma mpaka watoto wakawa wanaingia darasani wakikata viuno, akachapwa, akarudia, akachapwa tena. Mwaka 1985 bibi yetu mzaa baba alifariki, na hapo ndipo Rafaeli alipoona kitu kilichomfanya awe alivyokuwa, kwa sababu mtani wetu Mzee Hussein, Mnyamwezi aliyeletwa huku na kazi ya reli na ambaye yuko hapa leo na kofia isiyo yake kichwani, alijifunga kanga ya bibi, akainamia mkongojo wa bibi, akaomba ugoro kwa sauti ya bibi mwenyewe, akawatukana wajukuu mmoja mmoja kwa yale matusi ya bibi, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka, hata baba, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafumbua mdomo. Rafaeli alimuuliza mama kama wale watu wanacheka au wanalia, mama akamjibu kwamba kwetu sisi mtani ndiye anayekupasulia jipu, akimaliza unaweza kulia vizuri. Aliendelea na sekondari Kilosa mjini kuanzia 1989 hadi 1992, na hatutawaficha, alipata daraja la nne la mwisho mwisho, baba akasema hata hilo amelipata kwa huruma.

Mwaka 1993 marehemu alihamia Mikumi kutafuta maisha, na wenye umri wa kutosha mnaikumbuka miaka ile, maduka yamejaa vitu, mitumba inamwagwa chini mnadani, kila nyumba ina redio, wakati huo huo wazee wetu wanapunguzwa kazini mmoja baada ya mwingine, baba naye akapunguzwa mwaka 1996 akarudishwa nyumbani na barua na blanketi. Rafaeli alipata kibanda kando ya barabara kuu, palipokuwa panasimama malori ya kwenda Zambia, akawa anarekodi kanda na kuwauzia madereva, na madereva nao wakawa wanamletea kanda za muziki wa kufokafoka kutoka Dar es Salaam na kwingineko, akazisikiliza mpaka zikakatika, lakini alipoanza kufoka mwenyewe hakufoka kama zile kanda. Vijana wenzake wakati huo walikuwa wanavaa minyororo shingoni na kujisifia magari wasiyokuwa nayo, yeye alikwenda kwa baba kuomba kipande cha reli, akakitundika kwenye mlingoti wa kibanda, akakigonga kwa nyundo ndogo, na juu ya ile sauti akafoka utani, utani wa misibani kabisa, akiwatania waliopunguzwa kazi kama wamekufa na waliopata utajiri wa ghafla kama wamefufuka. Watu walimwona kichaa, wengine walisema huo si muziki ni fujo, na baba alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Hapo Mikumi ndipo alipokutana na rafiki yake, kijana wa wafugaji, mtoto wa mwisho wa Mama Nasieku, ambaye alikuwa akimsindikiza mama yake kila asubuhi kuleta maziwa stendi, na siku moja mwaka 1994 alisimama kibandani kusikiliza kile chuma, akaanza kukiitikia kwa ile sauti ya kooni wanayoimba vijana wa kwao, nzito, ya chini kabisa, mpaka kopo la sarafu likatetemeka juu ya meza. Rafaeli alisema siku ile alihisi kama mtu aliyekuwa anatembea na kiatu kimoja akaletewa cha pili. Walijiita Chuma na Koo, wakapiga kwenye kumbi za Mikumi na Kilosa, kwenye harusi ambako walifukuzwa na kwenye minada ambako walipendwa, na Mama Nasieku, ambaye Kiswahili chake ni cha maziwa na salamu tu, alikuwa akipita kibandani na Rafaeli akimwamkia, shikamoo mama, naye anaitikia marahaba kwa sauti ya kuimba, anamjazia kikombe, anawatazama wawili wale na kutikisa kichwa kama mtu aliyezaa mapacha bila kuambiwa. Waliingia studio Morogoro mwaka 1997, wakatoa kanda yao ya kwanza, ikauzwa kidogo kidogo, na walikuwa na furaha ambayo marehemu hakuipata tena.

Tarehe 6 Februari 1998, katika zile mvua ambazo hakuna wa Kilosa aliyezisahau, rafiki wa marehemu alikuwa akivusha ng'ombe Mkondoa wakitoka mnadani, maji yakamchukua, ng'ombe wakavuka wote. Alizikwa kwao, nje ya Mikumi, tarehe 9 Februari, na Rafaeli alikwenda, na hapa ndugu waombolezaji ndipo tunapofika mahali ambapo familia ingependa kuruka, lakini marehemu mwenyewe alituagiza tusiruke. Alifika akakuta watu wamekaa kimya, hakuna anayesimama kumsema marehemu, hakuna wa kumwiga, hakuna wa kupasua jipu, akaona rafiki yake anazikwa kama mtu asiye na watu, akaona yeye ndiye wa kuifanya kazi hiyo. Akasimama mbele ya mama mzazi, akamwita rafiki yake kwa jina, akalirudia jina, akasema wewe uliyewajua ng'ombe wote wa baba yako kwa rangi na ukoo umeshindwa kujifunza kuogelea kama ndama wa juzi, ng'ombe wamevuka wewe umebaki, nani sasa mchungaji, akaiga na ile sauti ya kooni. Hakucheka mtu hata mmoja, na yeye akadhani ni uchungu umewazidi, akawaaga wazee akaondoka akiamini kwamba amemzika rafiki yake kwa heshima.

Laiti ingeishia pale. Aliporudi kibandani aliyachukua maneno yale yale, akayapeleka studio kwa kilio cha kweli, akakigonga chuma peke yake bila koo la kukiitikia, jina la rafiki yake likawa ndilo kiitikio, na mwezi Aprili 1998 redio moja ya Dar es Salaam, moja ya zile mpya za watu binafsi, ikaanza kuupiga wimbo huo asubuhi, mchana na jioni. Kanda zikadurufiwa kila kona, kwenye mabasi, kwenye malori, kwenye saluni za Morogoro, watoto wakaimba jina lile wakiruka kamba, na sisi huku Kidete tuliweka redio dirishani kijiji kizima kisikie, tukapika pilau. Ndipo Kisio, kaka mkubwa wa rafiki yake, alipokuja kibandani akakaa, akakataa soda, akamweleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kwamba kwao mtu akishafariki jina lake halitajwi tena mbele ya mama yake, linaachwa lipumzike naye, hata ndugu mwenye jina kama hilo huitwa kwa jina lingine, na kwamba mama yao sasa haji stendi, kwa sababu kila basi linalosimama linamwitia mwanawe, yeye anageuka, na mwanawe hayupo.

Rafaeli alikuja Kidete siku hiyo hiyo kwa treni ya mizigo, akamsimulia baba, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimuuliza swali moja tu, kwamba wale watu walikuwa watani wake wa wapi, nani aliyempa utani na watu wale, maana utani hauokotwi njiani, unarithiwa, na asiye mtani wako ukimtania kwenye msiba wake umemtukana. Kwa miaka minne alikuwa amekunywa maziwa ya mama yule na hakuwahi kuzika kwao, alijua nyimbo zao lakini kilio chao hakukijua, na alituambia kwamba aibu ile haikumtoka tena. Kesho yake alirudi Mikumi akaenda mpaka nyumbani kwa Mama Nasieku, akasimama nje ya uzio, akainama akasema shikamoo mama, na Mama Nasieku alimtazama, akaendelea na kibuyu chake. Nyote mnajua uzito wa jambo hilo, kwamba mtu mzima aamkiwe na asiitikie. Aliamkia tena siku iliyofuata, na kila alipomwona tangu hapo, stendi, mnadani, njiani, kwa miaka saba, na hakuitikiwa hata mara moja.

Akaanza kulifuta lile jina. Kwanza alipanda basi hadi redioni Dar es Salaam kuwaomba wasiupige tena, mtangazaji akacheka akidhani ni mbinu ya kujitangaza, akalisimulia jambo lote hewani kama kichekesho, akalitaja jina mara nyingine tele. Hapo Rafaeli akaelewa kwamba dunia ile mpya ilikuwa na milango mingi ya kutokea na hakuna wa kurudia. Akarudi akaingia studio, akaurekodi wimbo upya, na kila palipokuwa na jina akagonga chuma, ngwe, basi, jina halipo, akawapelekea watu wa redio rekodi hiyo mpya, kisha akaanza kuzifuata kanda zenyewe, moja moja, lori kwa lori, basi kwa basi, kutoka Mikumi hadi Kilosa hadi Morogoro, anamwomba dereva kanda yake, anaitia kwenye mashine, anapatafuta mahali, anagonga chuma juu ya jina, anamrudishia na kumrekodia nyimbo nyingine bure kwa usumbufu. Madereva walimcheka, makondakta walimwita Mzee wa Ngwe, wengine walimficha kanda kwa utundu tu, naye hakugombana na mtu, alisimama pale pale na nyundo yake mpaka wakampa.

Na ajabu ya Mungu, hapo ndipo alipopata jina yeye mwenyewe. Wakubwa wa muziki wa mjini waliusikia ule wimbo wenye chuma mahali pa jina, wakasema hii ni staili mpya, waandishi wakaja na kamera hadi kibandani, wakaandika kwamba Kilosa imetoa hip-hop mbadala, muziki wa mtu asiyefuata mkumbo, anayejua nguvu ya kutotaja. Kila aliyempongeza alikuwa anamtonesha kidonda. Jamani, hebu fikirini, mtu anaficha uso wake kwa viganja, watu wanakuja kuvisifia viganja. Mwezi Agosti 2001 promota mmoja alimbembeleza akapande jukwaani Morogoro, akakubali akitaka watu wausikie wimbo ulivyo sasa, ukumbi ukajaa, akafoka vizuri mpaka kwenye kiitikio, akainua nyundo agonge, na kabla hajagonga ukumbi mzima ukapiga kelele wenyewe, ukalitaja lile jina kwa sauti moja, wakicheka, wakimsaidia. Rafaeli alikiweka chini kipaza sauti, akakifungua chuma chake kwenye kamba, akatoka nacho mkononi mpaka stendi, na hakuimba tena popote mpaka alipofariki. Tangu hapo alitengeneza redio za watu na kufuta kanda.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Costancia, mama lishe wa stendi ya Mikumi, Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1999, na kabla ya kumposa alimweleza habari yote tangu mwanzo, akamwambia kwamba anaoa akiwa na doa, na Costancia alimjibu kwamba yeye anapika kwa mkaa, doa si kitu kigeni kwake, lakini kila asubuhi Rafaeli akienda kuamkia asikoitikiwa asirudi kumnunia yeye, na mkataba huo waliutunza mpaka mwisho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lea aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2000, na Naomi aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2003, na baba yao aliwafundisha kuamkia kabla hawajajua kutembea sawasawa, akiwaonya kwamba salamu ni kazi ya anayetoa, ya anayepokea ni hiari yake.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Oktoba 2004, kikohozi, kisha homa za jioni, kisha kukonda, akatibiwa Mikumi, akapelekwa Morogoro, akapata nafuu, Pasaka hii alikuwa nyumbani akitembea kwa fimbo, na kwa fimbo hiyo hiyo alikuwa akijikokota kila asubuhi mpaka pale maziwa yanapouzwa, kwa maana Mama Nasieku alikuwa amerudi stendi, akisema shikamoo mama kwa pumzi iliyobaki, kisha anarudi kulala. Mwishoni mwa mwezi wa tano hali ilibadilika ghafla, akalazwa tena Mikumi, na alipoona siku zimekwisha alituita akasema tusimpambe katika historia yake, tuseme alichokosea mbele ya watu wote kama alivyokosea mbele ya watu wote, ila lile jina tusilitaje hata kwa kusahau. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Juni 2005, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia Mikumi na Morogoro, mafundi redio wenzake waliofunga vibanda vyao kwa siku mbili, madereva wa malori waliouleta mwili mpaka hapa bila kudai chochote, majirani wa Kidete kwa kuni, maji na usiku mliokesha nasi, kwaya, na watani wetu kwa fujo zenu zote.

Lakini shukrani moja wazee wamesema isomwe mwisho. Asubuhi ya leo, wakati Mzee Hussein amevaa kofia ya marehemu anagonga sufuria na kufoka vibaya makusudi, na ninyi nyote mnacheka, aliingia uani Mama Nasieku, ameshikwa mkono na mwanawe Kisio, wamesafiri tangu jana. Tuliomwona tulinyamaza, Mzee Hussein akaivua kofia akaificha nyuma, na aibu ile ya siku nyingi ikatushuka wote pale uani kama maji ya baridi. Mama Nasieku akauliza mbona mmenyamaza, akasema kwa Kiswahili chake, "Endeleeni. Ninyi ndivyo mnavyolia, sasa nimejua." Akasema chuma alikisikia, basi la kwanza alidhani ni kanda mbovu, la pili akadhani hivyo hivyo, mpaka alipoona mabasi yote yana ubovu mmoja, mahali pamoja, akajua kuna mtu anayezunguka kumfunika mwanawe.

Kisha akaenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao, usawa wa kichwa, akakaa kidogo kama anayesubiri mtu amalize kusema, na akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Kaka Rafaeli, umeitikiwa, nasi wote tumesikia. Weka nyundo chini. Pumzika kwa amani.